Mgongo Wazi

Kadi ya kliniki ilisema nane nukta mbili.
Sista Kerubo akaigeuza, akaigeuza tena,
kana kwamba namba ingepanda ikitazamwa kwa nyuma.
"Damu yako ni chai ya wageni wengi," akaniambia,
"rangi ipo, majani hayapo."
Akaandika vidonge. Halafu, chini ya vidonge,
kwa mwandiko wa mtu aliyekwisha kuvua koti la kazi:
omena, na vichwa vyao.

Sisi hatukula samaki.
Kwetu Kangema mto ulikuwa wa kuchota na kuvuka,
na baba, Gathuo, alishikilia kwamba kiishicho majini bila miguu
ni nyoka aliyesahau kuuma.

Nikashuka Gikomba,
mimba ya miezi sita imenitangulia, inanifungulia njia.
Omena walimwagwa juu ya magunia, vilima vya fedha,
kila mmoja na jicho lake.
Nyagilo, jirani yangu wa mlango wa pili pale Jericho,
alimvunja mmoja karibu na sikio langu.
"Akilia, jua limemkausha. Akikunjika, mwache."
Tukapimiwa kasuku mbili
na kiganja cha nyongeza, cha aliye tumboni.

Maji moto mara tatu, mpaka mchanga wa ziwa uishe sinkini.
Nilikuwa nimeshika kisu.
"Unakata nini?" Nyagilo akauliza.
"Ng'ombe, utamtafuna uti wa mgongo?
Huyu anajileta mzima: mfupa, jicho, ini lake dogo kama nukta.
Mtoto anajenga mifupa humo ndani usiku na mchana,
na asipoletewa chokaa atabomoa yako."
Nikaweka kisu chini.
Kitunguu, nyanya, limau mwishoni
ili chuma kipate kupita mlango wa damu.
Na chai, Sista alikuwa amesisitiza,
chai ingoje saa nzima baada ya chakula.

Saa nzima!
Katika ukoo wetu hilo lilikuwa gumu kuliko samaki.

Ijumaa Nyagilo hukaanga mgongo wazi,
mifupa ya mbuta iliyobaki baada ya kisu cha kiwanda.
"Minofu yake imepanda ndege," husema, akigeuza karai,
"mimi na wewe bado."
Lakini shavu limebaki, na mafuta nyuma ya jicho,
na ile nyama tamu ya shingo ambayo mashine haina ulimi wa kuijua.
Tulikula kwa vidole, hatukuzungumza.
Kulikuwa na kazi ya kutosha mdomoni.

Baba alikuja masika, goti linamsumbua.
Wiki hiyo hiyo kakake Nyagilo akatoka Naivasha
na ndoo ya rangi iliyojaa kamba wa ziwani, wekundu, wanakwaruza.
Baba akainama, akahesabu miguu hadi kumi
bila kutia zile koleo mbili alizozionea shaka.
"Nyoka hakuwa na miguu mkamla.
Huyu anayo ya ziada."
Akala ugali kwa maziwa, uso ukutani.

Mwezi wa nane kadi ilisema kumi na moja.
Sista hakuigeuza.

Usiku mmoja niliamka kwa kiu.
Taa ya jikoni ilikuwa inawaka.
Baba alikuwa mezani, kichwa cha mbuta mbele yake,
kimefyonzwa kikawa cheupe kama kikombe,
miba imepangwa ukingoni mwa sahani
kwa utaratibu wa fundi apangaye misumari.
Hakushtuka. Hakujitetea.
Kando yake kulikuwa na chai, imefunikwa kwa kisahani.

"Unataka niipashe moto?" nikauliza.

Akatazama saa ya ukutani.
"Bado dakika kumi na mbili," akasema.